Gari ya Mjini, Gari ya Shamba

Kiponda, Ijumaa, 5 Machi 2004

Assalaamu alaykum, mdogo wangu Azzan. U hali gani huko Maskati, na mkeo, na wanao? Ule mgongo umekuachia au bado unainuka kwa kushika ukuta? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila joto limetukaba na mawingu yanajikusanya bila ya kutia tone. Mama anakusalimu. Kasema usitoke nje kabla ya kusoma Ayatul Kursiyyu, kama vile bado una miaka saba.

Ulinambia kwenye simu: "Dada, usinambie 'salama tu'. Nunua daftari, niandikie kila kitu cha gari mtakazoziona, zuri na baya, kisha lete nilisome mwenyewe." Basi daftari hili hapa. Elimu yangu ni darasa la nane na chuo cha Kurani, na mwandiko wangu unaujua, unakwenda upande kama kaa. Utanistahamilia.

Naiandika haja yenyewe hapa juu nisije nikaisahau. Mama hataki kuhama shamba. Anataka kubaki Dole, kwenye nyumba yake, na ng'ombe wake, na mtambuu wake unaopanda ukutani. Daktari anataka kumwona kila baada ya wiki mbili kwa ajili ya moyo. Kwa hiyo wewe unatoa gari, mimi nnachagua, mume wangu Sleiman anaendesha. Gari ikifika kwake mvua na jua, Mama anabaki. Isipofika, anahamia kwangu mjini, na hilo kashasema ni sawa na kumzika akiwa hai.

Na rafiki yako Tamim naye anangoja maneno yangu, amnunulie shangazi yake wa Matemwe. Mzigo mkubwa huo kwa mtu asiyejua hata kupiga honi.

Jumatatu, 8 Machi

Tumekwenda kwa Mbarouk, yule anayeleta gari kutoka Dubai. Uwanjani kwake kuna mbili za kadiri yetu. Zote ndogo, zote zimeinuka kidogo kuliko gari za kawaida, zote na tairi la akiba limebebwa mgongoni kama mtoto.

Ya kwanza ni Rav4, watu wa hapa wanaita ravufoo. Nyeupe, Azzan, nyeupe ya kanzu ya Idi. Mlango wake ukiufunga unasema "tup", basi. Viti vya kitambaa cha kijivu laini. Ukipanda hupandi, unakaa tu, na nikawaza magoti ya Mama. Ndani kuna ubaridi, unageuza kitufe unasahau kama duniani kuna Machi. Sleiman aliizungusha njiani, haikutikisika. Mbarouk anasema haina tamaa ya petroli.

Ya pili ni Escudo, kijani iliyopauka. Imesimama juu zaidi, mtu mzima ataka kigoda cha kupandia. Viti vigumu. Kwenye mashimo inakutingisha mpaka maini. Mlango ukiufunga unapiga kelele kama mlango wa stoo. Pembeni ya mkono wa gia kuna mkono mwengine mdogo, sikuuliza wa nini. Mafuta inakunywa kidogo zaidi ya mwenzake.

Sleiman alikuja na fundi wake wa Jang'ombe, jina lake Mcha. Mtu mfupi, maneno machache, mikono myeusi mpaka viwikoni. Hata salamu aliitoa kwa mkato, nikamwona hana adabu. Alitandika boksi akaingia chini ya nyeupe, kisha chini ya kijani, akakaa huko muda wa kuchemsha chai. Alipotoka akafuta mikono kwa tambara akasema:

"Bi Thuwaiba, zote nzima. Hii nyeupe gari ya mjini. Ile kijani ya shamba."

"Ahsante, mwanangu," nikamwambia. "Nshafahamu."

Sleiman akafungua mdomo. Nikamtazama. Akaufunga.

Jumanne, 9 Machi

Nimeswali istikhara, Mungu anioneshe ipi ya kuchukua.

Alkhamisi, 11 Machi

Tumeichukua nyeupe. Sleiman kaniuliza mara moja tu: "Na ile ya kijani hukuipenda kabisa?" Nikamwambia, "Bwana, fundi wako mwenyewe kasema ile ya kishamba." Akasema, "Kasema ya shamba." Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo. Akacheka kwa pua: "Haya. Mimi dereva tu. Mwenye amri kavaa buibui."

Jumapili, 14 Machi

Unajua gari haziingii vichochoroni kwetu. Tunaiweka Malindi, tunatembea. Nimeweka plastiki kwenye viti vya nyuma, ile nzito ya kufunikia magodoro.

Jumamosi, 20 Machi

Safari ya kwanza ya Mama. Njia kavu, tumefika mpaka mlangoni bila taabu. Andika hilo kwa Tamim: kwenye njia kavu, hata ya mawe, haina shida, inapita kama mtu anayetembea na ndara.

Mama aliizunguka gari nzima, anaigusa kwa ncha ya kidole. Akasema, "Masha Allah. Mwanangu Azzan kanipa jahazi la nchi kavu." Akapanda bila ya kushikwa. Hapo nikajipongeza. Kisha akasikia plastiki inalia chini yake, kra, kra. Akaipapasa kwa kiganja.

"Hii ya nini, Thuwaiba?"

"Vumbi, Mama."

Akatazama miguu yake, na udongo mwekundu wa Dole katikati ya vidole. Alikuwa na tambuu mdomoni. Njia nzima hakutema wala hakuongea. Tulipofika kliniki akateremka, akatafuta mtaro mbali na gari, ndipo akatema.

Daktari kasema moyo umetulia. Arudi Aprili.

Alkhamisi, 1 Aprili

Mvua ya kwanza. Chuoni kwangu, ninakosomesha watoto Kurani, hakuja mtu, wote kwao.

Jumapili, 4 Aprili

Tumekwenda Dole kumchukua Mama, daktari amwone kesho. Baada ya kuiacha lami kuna ule mteremko wa kwenda kwenye kijito, kisha unapanda upande wa pili kwa Mama. Unaukumbuka, ulianguka na baiskeli pale ukang'oka jino. Gari ilipanda, lakini karibu na juu tairi za mbele zikazunguka bure, zuu, zuu, kisha zikakamata. Nikamtazama Sleiman. Alifuta jasho, na ubaridi umewashwa.

Ile kijani kainunua Jaku, mume wa Mwanakheri, jirani wa Mama. Anapelekea ndizi na mihogo sokoni Mwanakwerekwe. Tuliikuta imepakiwa mikungu mpaka juu ya paa. Nikamwambia Sleiman, "Umeona? Gari ya shamba." Nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Ijumaa, 9 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 10 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki. Mtoto mmoja kaja chuoni na ndara za watu wawili, moja ya baba, moja ya mama.

Jumapili, 18 Aprili

Tulikwenda kumchukua Mama kwa kliniki ya kesho. Hatukufika. Tulifika kwenye mteremko, Sleiman akasimamisha gari, akateremka akaingiza kijiti kwenye udongo. Kikazama chote. Akarudi akageuza gari.

"Tutakwenda wiki ijayo," nikasema.

"Inshallah," akasema. Ile inshallah yake ya pili, ya jambo lisilokuwa, naijua.

Tulipofika Malindi tukaanza kutembea kwenye mvua, ndipo akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza nini. Akasema, "Nafikiri tu, mke wangu. Gari ya mjini haifiki mlangoni mjini. Na shamba haifiki mlangoni. Sasa inafika wapi?"

Nilimnunia mpaka alasiri.

Alkhamisi, 22 Aprili

Umenipigia simu, nikakwambia gari nzuri. Ukaniuliza, "Mama kaenda kliniki?" Nikasema, "Salama tu." Neno lile lile ulilonikataza. Ukanambia Tamim kaipenda sifa ya nyeupe na kaanza kutafuta kama hiyo. Nikasema, "Mungu amjaalie."

Jumapili, 2 Mei. Maulidi

Mwezi wa Mfungo Sita huu, kila nyumba inasoma. Leo baada ya alasiri maulidi ya wanawake Vuga. Naandika kila kitu, na hili pia niandike. Mvua ilikatika tangu adhuhuri, jua likatoka. Sleiman akasema, "Leo njia itakuwa imeshika kidogo. Twende Dole tukamchukue Mama, alale kwetu, kesho tumpeleke akaonekane." Nikamwambia, "Nshawaahidi watu wa Vuga. Twende kesho."

Alinipeleka Vuga kwa gari, hatua ambazo ningetembea kwa muda wa kusoma Yasini moja. Nikateremka mlangoni kwao mbele ya wanawake wote, na ubani unatoka ndani. "Thuwaiba, hii yako?" "Ya mdogo wangu," nikasema, nikitaka wasikie yangu. Tukasoma, tukasimama, tukamswalia Mtume, nikalia machozi kama wenzangu. Nilikuwa na furaha, Azzan. Ndiyo inayonitia uchungu.

Usiku huo huo mvua ikaanza upya. Jumatatu ikanyesha. Na Jumanne. Na wiki nzima.

Jumatano, 12 Mei

Naandika kwenye benchi la hospitali. Mama yuko hai. Nalitanguliza hilo usije ukaruka kurasa.

Jana saa tatu asubuhi Mwanakheri alipiga simu kutoka dukani kwao. "Bi Thuwaiba, njoo. Mama hapumui vizuri, na miguu imevimba mpaka magotini. Jaku yuko sokoni, nshampigia na yeye." Tulitoka mbio mpaka Malindi, mimi na buibui nimelivaa upindo juu. Kwenye lami gari ilikwenda, sina la kuisemea vibaya, ilikwenda kama inajua. Tukaingia njia ya udongo. Sleiman akasema, "Thuwaiba, nkishuka huu mteremko, sijui kama ntaupanda ule." Nikamwambia, "Shuka. Mama yangu yuko juu pale."

Tukashuka tukiteleza. Tukavuka kijito. Tukaanza kupanda, na nusu ya njia tairi za mbele zikaanza tena, zuu, zuu, zinarusha tope mpaka kwenye kioo, na zile za nyuma zimesimama kimya kama wageni kwenye ugomvi wa watu. Hapo ndipo nilipofahamu kwa macho yangu. Mbili tu zinavuta. Mimi nilidhani ile nne kwenye jina lake ndiyo miguu yake.

Gari ikarudi nyuma, ikakaa upande, pua kwenye ukingo huu, mgongo kwenye ukingo ule. Imeziba njia nzima.

Niliteremka. Tope likanifika kwenye muundi. Nikasema nitie kitu chini ya tairi, nikatafuta, sikuona kitu ila ile plastiki. Nikaichomoa kwenye viti nikaitandika chini. Sleiman akakanyaga mafuta. Plastiki ikaliwa, ikatoka vipande vipande, mmoja ukanipiga usoni.

Niliinua macho. Juu ya mlima wanaume wanne wanashuka na Mama kwenye kitanda cha kamba, kafunikwa turubai, Mwanakheri nyuma anashika mwavuli. Walinikuta nimesimama pale na kipande cha plastiki mkononi. Mmoja akauliza, "Gari ndiyo hii?" Hakuuliza kwa ubaya. Lakini swali lile nitalijibu siku ya Kiyama.

Hatukuweza kumtia ndani, maana haikuwa na pa kwenda. Wakampandisha tena kidogo, wakamweka chini ya mkorosho, wakamshikia turubai. Midomo yake imepauka. Mimi nikamshika mkono, nasoma kila ninalolijua, na kila aya nikiifikia naikuta istikhara yangu imekaa mbele. Maana nikwambie, mdogo wangu. Siku ile niliyoswali nilikuwa nshachagua. Sikumuomba Mungu anioneshe. Nilimpelekea atie sahihi.

Ndipo tukaisikia Escudo ya Jaku inakuja kwa nyuma. Imeteremka, imevuka maji, imefika kwenye tako la gari yetu, ikasimama. Haina pa kupita, na kingo ndefu zinateleza, kitanda cha mgonjwa hakipitishiki. Nikateremka mbio. Jaku akatoa kichwa.

"Shikamoo, Bi Thuwaiba."

"Marahaba, baba."

"Mgonjwa yuko juu?"

"Yuko juu."

Akaitazama gari nyeupe. Akatoa kamba ya kufungia ndizi. Ikakatika. Akarudi kuazima mnyororo kwa wapasua mbao, kwa miguu, kwenye mvua. Nilikuwa na saa mkononi, na sikutaka kuitazama, na niliitazama. Dakika hamsini, Azzan. Kama tusingekwenda kabisa, kama tungebaki Kiponda tumelala, Jaku angefika dakika hamsini kabla.

Alipofunga mnyororo akaushika ule mkono mdogo pembeni ya gia, ule ambao sikuuliza wa nini, akauvuta. Gari ikanguruma kwa sauti nzito. Tairi zote nne zikauma udongo. Ikatuvuta kinyumenyume, ikatutia pembeni, kisha ikapanda ule mlima polepole kama mzee anayekwenda msikitini, hana haraka na hana wasiwasi.

Mama akatiwa nyuma, kati ya mikungu ya ndizi ambayo Jaku hakuwahi kuishusha. Nikapanda, nikampakata kichwa. Viti vigumu, nilivyovikataa, na mimi nashukuru kila kilichoniuma. Tulipofika kwenye lami Mama akafumbua macho. Pumzi inatoka kidogo kidogo. Akasema:

"Thuwaiba. Plastiki iko wapi? Nisije nikachafua gari ya watu."

Jaku akajibu kutoka mbele, bila ya kugeuka: "Bibi, gari hii imezoea ndizi na mihogo. Leo imepambwa."

Mama akatabasamu. Mimi nililia mpaka hospitali.

Ijumaa, 14 Mei

Mama kala uji vijiko vitano.

Jumanne, 18 Mei

Umepiga simu. Nilikwambia Mama kapata homa kidogo na sasa yuko huku mjini, kapenda mwenyewe kuja. Uongo juu ya uongo, na mkubwa wao wa maneno mawili, "kapenda mwenyewe". Nilikuwa nimetoka kuswali.

Alkhamisi, 20 Mei

Mama katoka hospitali. Daktari kasema moyo umeathirika kwa kuchelewa, lakini dawa zitambeba. Kisha akasema, "Asikae mahali gari haifiki." Basi kaletwa kwangu. Ngazi zetu unazijua, ishirini na nane, nyembamba, zimesimama wima. Kapandishwa kwenye kiti na watu wawili. Kushuka hawezi. Nimempa chumba cha mbele, dirisha linatazama ukuta wa jirani.

Alipokalishwa tu kitandani aliniuliza, "Mvua imekatika?"

Ijumaa, 21 Mei

"Mvua imekatika?" "Bado, Mama."

Jumatatu, 24 Mei

"Mvua imekatika?" "Bado." Anahesabu ng'ombe yuko kwa nani, kuku wako kwa nani. Mwanakheri alimletea tambuu Ijumaa, kwenye Escudo ya mumewe, pamoja na ndizi, na kasema ataleta kila Ijumaa. Mwanamke niliyekuwa simtamki ila kwa kusema "yule jirani wa shamba". Alipanda zile ngazi na mimba ya miezi saba.

Alkhamisi, 27 Mei

Nimekwenda mwenyewe Jang'ombe kwa Mcha. Nilikwenda na hasira, nikwambie kweli. Nilitaka mtu wa kumtupia. Nikamkuta kaingia chini ya gari, miguu tu nje.

"Mcha!"

"Naam."

"Kwa nini hukunambia gari ile inavuta tairi mbili?"

Akatoka. Akanitazama. "Nilikwambia, bibi. Nilisema hii ya mjini."

"Nilidhani unaisifu."

Alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Akavuta kigoda akanipangusia, akanikalisha. Akanieleza kwa upole, kama mimi ninavyomweleza mtoto alifu na bee. Kuna Rav4 zinazovuta zote nne, na hii si katika hizo. Imetengenezwa kwa lami, na kwenye lami huipati kasoro. Ile Escudo ina ule mkono wa pili, ukiuvuta zinashika zote na inapata nguvu ya kupanda tope. "Zote gari nzuri. Kila moja kwa njia yake. Mimi sikujua unakwenda Dole, bibi. Hukusema. Nkisema 'ya shamba' simtukani mtu. Mimi mwenyewe babu yangu mtu wa shamba, wa Donge."

Nilikaa pale nimeinama. Sikumwambia ninakwenda Dole, Azzan. Ukitaka kujua kwa nini, nitakwambia, na sijawahi kumwambia mtu. Mbele ya fundi na Mbarouk niliona haya kusema mama yangu yuko shamba, anafuga ng'ombe, anatembea peku. Neno la fundi lilikuwa safi. Sikio langu ndilo lililokuwa na takataka.

Mcha kanifungulia soda. Nilimwona hana adabu. Subhanallah.

Ijumaa, 4 Juni

"Mvua imekatika?" "Manyunyu tu, Mama."

Jumapili, 6 Juni

Umepiga simu. Unasema Tamim keshaiona nyeupe kama yetu, ataitia kwenye meli mwisho wa mwezi, shangazi yake wa Matemwe anahesabu siku. Na Sleiman alikuwa amekaa mbele yangu, ananitazama. Nikasema, "Salama tu." Nilipoweka simu Sleiman akasema, "Thuwaiba, daftari lile unaandika la nini, kama husemi?" Hakunitolea sauti. Mume huyu hajanambia hata mara moja "nilikwambia". Afadhali angesema.

Husema majuto ni mjukuu. Wangu kazaliwa mapema, nnampakata kila siku.

Alkhamisi, 10 Juni

Jua.

Jumamosi, 12 Juni

Jua. Nguo zimekauka kwa siku moja. Mama hakuuliza kitu. Nilidhani kasahau.

Jumapili, 13 Juni

Hakusahau. Asubuhi nilipoingia na chai nilimkuta amekaa kwenye kiti karibu na mlango, kavaa kanga za kutokea, na furushi lake lipo mapajani, amelifunga kwa kitambaa cha kichwa. Kijaluba cha tambuu juu yake.

"Mvua imekatika," akasema. Mara hii hakuuliza.

"Imekatika, Mama."

"Basi."

Nikampigia magoti nikamweleza yote. Gari, plastiki, Vuga, haya niliyoiona kwa Mbarouk. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika kidevu. "Ile plastiki niliijua siku ile ile," akasema. "Nilisema, mtoto wangu kanunua kitu cha thamani, anaogopa kuharibu. Sikukasirika. Nilitamani tu ungeiondoa siku moja." Akaniachia kidevu. "Nshakusamehe. Sasa nirudishe kwangu."

Na daktari alisema maneno yake, na mimi sina gari ya kuyajibu.

Basi, Azzan, daftari hili nampa Shamsi, jirani yetu hapa Kiponda, anapanda ndege Alkhamisi, atakutilia mkononi. Nimelisoma tena nikataka kuzichana kurasa tano. Sikuzichana. Yale ya kwenye simu ndiyo ya uongo, haya ndiyo ya kweli. Nisamehe.

Mwambie Tamim leo leo, kabla ya meli: kama shangazi yake anakaa mahali penye lami mpaka mlangoni, nyeupe inatosha na itampendeza, viti laini, magoti hayatamuuma. Lakini ile njia ya Matemwe niijuayo mimi, aulize kwanza tairi ngapi zinavuta, na aulize kwa maneno hayo hayo, si kwa jina la gari wala kwa rangi. Aingize fundi chini, kisha amwambie fundi kweli anakokwenda. Kigoda cha kupandia kinatengenezwa na seremala kwa siku moja. Njia ya udongo hakuna seremala anayeitengeneza.

Na kwetu sisi: Mbarouk kapata Escudo nyengine, ya buluu, ngumu kama mwenzake, na Mcha keshaingia chini yake na keshauvuta ule mkono mdogo. Mbarouk yuko radhi kuichukua nyeupe kwa kubadilishana, na atatuwekea mpaka Ijumaa ya tarehe ishirini na tano. Gari ni yako, siwezi kuitoa bila ya neno lako, na mara hii sitaki kuchagua peke yangu.

Nimemwomba Mama avue kanga za kutokea, apumzike. Amekataa. Kasema atangoja hapo hapo. Nijibu upesi, mdogo wangu, uniruhusu au unikataze, lakini nijibu upesi.

Dada yako,
Thuwaiba